Jinsi ya kutoa klipsi za plastiki za ndani ya fenda bila kuzivunja

Kama una gari la Toyota kama IST, Passo, Raum, Spacio au hata Noah, inama siku moja uangalie juu ya tairi la mbele, utaona plastiki nyeusi imejikunja kufuata duara la tairi. Kazi yake ni kuzuia kokoto, maji na matope visipige ndani ya fenda (lile bati la bodi linalofunika tairi) na kwenye injini. Imeshikiliwa na vile vidude vyeusi vya duara ambavyo mtaani tunaviita klipsi, wengine pini za bampa. Siku ukitaka kubadili balbu ya foglaiti, kufikia pampu ya maji ya waipa, kuangalia mkanda wa oltaneta kwenye injini za 1NZ na 2NZ (mkanda uko upande wa kulia, ukitoa kava la pembeni kwenye tairi unauona vizuri kabisa) au kunyoosha fenda iliyobonyea kwa kuisukuma kutoka ndani, mara nyingi lazima upite kwenye hizo klipsi.

Na hapo ndo balaa linapoanzia. Ukipeleka gari gereji zetu nyingi kijana anashika plaizi, anabana kichwa cha klipsi, anavuta kwa nguvu zake zote, paa, imekatika. Anakwambia "hizi zilishazeeka bosi" halafu wakati wa kurudishia anapiga skrubu ya mbao au anafunga waya. Mie nilirudishiwa gari na gereji moja hapa mjini Dodoma plastiki yote imeshikwa na skrubu mbili na kamba, kufika Kizota tairi inaisugua kila nikikata kona. Kutoa hizi klipsi sio kazi ya nguvu hata kidogo, mtoto wa sekondari anaweza, ila kuna kitu kimoja lazima akielewe kabla hajagusa.

Kitu chenyewe ni hiki: klipsi karibu zote ni vipande viwili. Kuna mwili, huo ndo wenye kichwa kipana na miguu inayoingia kwenye tundu, na kuna kitovu, kile kipini cha katikati. Kitovu kikiwa kimekaa sawa na uso wa kichwa kinakuwa kimeitanua ile miguu kwa nyuma ya tundu na ndo maana haitoki. Kitovu kikisogea miguu inajikusanya na klipsi inatoka yenyewe kwa vidole viwili. Kwa hiyo ukivuta kichwa wakati kitovu bado kiko mahali pake unapigana na miguu iliyotanuka, na kitakachoshindwa ni shingo ya klipsi. Kitovu kwanza, mwili baadaye. Yaani ukikumbuka hilo tu umemaliza nusu ya kazi.

Sasa kitovu kinasogea kwenda wapi? Hapo inategemea aina, na usihangaike kukariri kwamba Toyota ni hivi Subaru ni vile, kwa sababu gari zetu zimetumika Japani miaka kadhaa, zimekuja hapa zimepita kwenye mikono ya mafundi wanne watano, na kila mmoja kaweka klipsi aliyoipata dukani. Kwenye fenda moja unaweza kukuta aina tatu. Angalia sura ya kila klipsi.

Ya kwanza ni ile ambayo kitovu kina ukingo mwembamba na pembeni yake kuna vijipengo viwili vidogo ambavyo ncha ya bisibisi bapa inaingia. Hiyo kitovu chake kinainuliwa kuja kwako. Unapenyeza bisibisi kwenye kijipengo, unainua taratibu, unahamia upande wa pili unainua tena, kikishapanda kama nusu sentimita kinagoma. Usiking'oe kitoke chote, hapo tayari miguu imelegea, toa mwili mzima.

Ya pili uso wake ni laini, kitovu ni kiduara kidogo katikati hakina pengo lolote, mara nyingine kina kishimo kidogo. Hii ndo inayowatoa watu jasho kwa sababu wanahangaika kuichokonoa wakati yenyewe inataka kubonyezwa ndani. Chukua kitu chembamba chenye ncha butu, bisibisi nyota ndogo inafaa, hata kalamu ya wino iliyoisha, bonyeza kitovu kiingie milimita mbili tatu mpaka usikie au uhisi kimeruka kidogo. Basi, acha hapo hapo. Ukiendelea kusukuma kinatumbukia ndani ya fenda na utakisikia kikicheza huko kila ukipita kwenye tuta.

Ya tatu ina alama ya msalaba katikati kama skrubu ya nyota. Inazungushwa kinyume na saa na kitovu kinapanda. Hii kwenye ndani ya tairi ndo iko nyingi na ndo inaudhi kuliko zote, nitairudia mbele.

Halafu kuna ile isiyo na kitovu kabisa, kichwa kizima hakina tundu wala alama, nyuma yake ina mapezi mapezi yanayopungua kuelekea nchani. Hiyo unaivuta moja kwa moja, ila kwa kifaa cha uma kinachoingia chini ya kichwa pande zote mbili, na ujue kabisa kwamba nyingi zitakatika mapezi, nunua za akiba kabla hujaanza. Kuna na zile za kuzungusha robo tu zinaachia, hizo ukiziona utajua, zina mfereji mmoja mpana kwenye kichwa. Na usishangae katikati ya klipsi kukuta boliti halisi za spana namba 10 na skrubu za chuma, hizo zifungue kawaida.

Kabla ya kutoa, tuongee kuhusu vumbi letu. Ukikaa Dodoma unalijua. Ukiwa mtu wa Nkuhungu, Nzuguni, Ihumwa, au unaenda Mtumba kazini kupitia njia za vumbi, lile vumbi jekundu linaingia kwenye kile kijifereji kati ya kitovu na kichwa, masika yakija kati ya Desemba na Aprili linapigwa maji ya tairi linakuwa tope, halafu miezi yote ya kiangazi linaokwa na jua mpaka linakuwa gumu kama saruji. Ukiangalia klipsi ya namna hiyo kwa karibu huoni hata kama ina kitovu, unaona kiduara cha udongo tu. Mtu anaweka bisibisi pale anachokonoa, kinachomeguka ni ukingo wa kitovu maana udongo umekishika pande zote, na ukingo ukishameguka huna tena pa kukamata.

Na kuna la pili ambalo wengi hawalijui. Klipsi nyingi ni za nailoni, na nailoni ina tabia ya kunyonya unyevu kidogo kutoka hewani, huo unyevu ndo unaifanya iwe na mnyumbuko. Ikikaa kwenye hewa kavu muda mrefu inakuwa ngumu na inakatika kirahisi. Sasa huku kwetu kiangazi kinaanza Mei mpaka Novemba hakuna tone, na asubuhi za Juni na Julai ni baridi kweli kweli. Ukianza kuchokonoa klipsi ya miaka 15 saa moja asubuhi mwezi wa Julai unatafuta lawama. Dawa yake ni maji ya moto, basi. Sio yanayochemka, yale ya kuoga yaliyozidi kidogo.

Kwa hiyo kazi yenyewe inaenda hivi.

Tafuta sehemu tambarare na ngumu, sio kwenye mchanga. Kwa klipsi za tairi la mbele mara nyingi huhitaji hata kuvua tairi, unakata usukani tu. Ukitaka kufikia zile za upande wa bampa kwenye tairi la kulia, kata usukani wote kushoto, tairi linaingiza pua yake ndani na nafasi inafunguka mbele. Ukitaka za nyuma kuelekea mlangoni, kata kulia. Tairi la kushoto ni kinyume chake. Zima gari, vuta hendibreki, weka jiwe nyuma ya tairi la nyuma.

Kama lazima uvue tairi, legeza nati kwanza gari likiwa bado chini, halafu piga jeki pale penye alama kwenye ukingo wa chini wa bodi. Ardhi yetu ni tifutifu, weka ubao mnene chini ya jeki usije ukaona gari linazama upande. Jeki ikishainua weka stendi, ile nguzo ya chuma ya kushikilia gari. Kama huna stendi azima kwa fundi, na tofali la saruji sio stendi, linapasuka ghafla bila kutoa taarifa. Usiingize kichwa wala mkono mzima chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kama ni dakika moja.

Piga picha kwa simu. Piga ya jumla, halafu piga pale plastiki inapokutana na bampa na pale inapokutana na kava la chini ya injini, uone nani yuko juu na nani yuko chini. Watu wanaruka hili halafu wakati wa kurudishia wanabaki wanazungusha plastiki kama wanakunja shuka ya kitanda kikubwa.

Osha. Ukiwa na kompresa pulizia vumbi kwanza, usipokuwa nayo chukua mswaki wa zamani, maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga, sugua kila klipsi mpaka uone sura yake. Vaa miwani, hata ya jua, kwa sababu uko chini unaangalia juu na udongo wote unakuja machoni. Kama udongo umegoma kwenye kijifereji tumia sindano ya kushonea magunia au ncha ya bisibisi ya saa, zungusha pembeni ya kitovu taratibu kama unasafisha kucha. Halafu mwagia yale maji ya moto kwa kikombe, subiri kidogo, mwagia tena. Kuna wanaopenda kupiga petroli au dizeli, achana nayo, utakuwa umejaza mafuta kwenye tairi na breki bure. Na usithubutu kiberiti wala moto wa aina yoyote, ile plastiki inayeyuka na kuna mipira ya breki na waya za sensa za ABS (mfumo unaozuia tairi zisigande ukifunga breki ghafla) hapo hapo.

Sasa toa, ukianza na zile unazoziona vizuri. Vifaa ni bisibisi bapa mbili ndogo, bisibisi nyota namba 2, na kama unaweza kipate kile kifaa cha uma cha kutolea klipsi, maduka ya spea wanavyo vya plastiki na vya chuma. Ukikosa, chukua uma wa chakula wa chuma kigumu, kata meno ya katikati, kunja shingo kidogo, una kifaa chako, ila mwambie mama watoto mapema asije akautafuta. Bisibisi mbili ni kwa sababu ukiinua upande mmoja tu kitovu kinalala na kukwama, ukiinua pande mbili zinazotazamana kinapanda wima. Ukichokonoa, egemeza bisibisi kwenye kichwa cha klipsi au juu ya kitambaa, sio kwenye rangi ya fenda, na kabisa isiwe kwenye mpira wa breki au waya ya ABS.

Ile ya msalaba niliyosema nitairudia. Tatizo lake ni kwamba ukizungusha inazunguka tu na kitovu hakipandi, kwa sababu nyuzi zake za plastiki zimelika au mwili mzima unazunguka pamoja. Kosa la kawaida ni kuongeza nguvu ya kukandamiza bisibisi, ukikandamiza unakizuia kitovu kisipande na unaila ile alama ya msalaba. Fanya hivi: bisibisi nyota ishike kwa wepesi, huku mkono wa pili umepenyeza bisibisi bapa chini ya ukingo wa kitovu na unainua kidogo kidogo, unazungusha kinyume na saa na kuinua kwa pamoja. Kikishapanda kiasi cha kuonekana shingo, acha kuzungusha, kivute. Kama ni mwili unaozunguka, ukamate kichwa kwa plaizi pembeni bila kubana sana, ushikilie tu usizunguke. Plaizi hapa kazi yake ni kushikilia, sio kuvuta.

Kuna ambayo itagoma na yote hayo. Usianze kuitukana, itoe sadaka. Koleo la kukatia waya linaingia chini ya kichwa, kata shingo, mkia utabaki ndani. Kama hakuna nafasi ya koleo chukua drili yenye biti ya milimita 4 au 5, toboa kitovu katikati kwa mwendo mdogo mpaka kichwa kiachie, na usizidishe kina, unatoboa plastiki tu. Mkia uliobaki usukume upite nyuma kwa msumari butu, halafu baada ya kutoa plastiki nzima uutafute uutoe. Tahadhari moja kubwa, kama unafanya tairi za nyuma upande ule wenye kifuniko cha mafuta, magari mengi bomba la kujazia mafuta linapita hapo nyuma ya plastiki, hapo drili weka pembeni kabisa, tumia koleo tu. Na ukikwaruza chuma cha fenda hata kidogo paka rangi kabla hujafunga, kutu ya ndani ya fenda huioni mpaka siku imetokeza nje.

Kila klipsi ikitoka iweke kwenye kikopo, na zilizokaa sehemu maalum (ndefu zaidi au nene zaidi) ziandikie au zipige picha pamoja na tundu lake. Plastiki yenyewe ikishakuwa huru usiivute kama unararua, ukingo wake umejificha ndani ya mkunjo wa fenda, isukume ndani kuelekea injini kwanza, itajikunja, ishushe. Huko nyuma utakuta kilo kadhaa za udongo zimekaa kwenye kona ya fenda karibu na mlango, toa zote, ile kona ikibaki na udongo wenye unyevu ndo pa kwanza kuoza.

Za kununua, usiende dukani ukasema tu "nipe klipsi za IST". Beba sampuli nzima moja ya kila aina. Kinachopimwa ni unene wa mwili unaoingia kwenye tundu, nyingi ziko kati ya milimita 6 na 10, urefu wake, na upana wa kichwa. Inayozidi milimita moja haiingii na inayopungua milimita moja inaingia halafu inadondokea barabara ya Iringa kabla hujafika Mtera. Mwenye duka akikwambia "zote ni moja tu hizi" mwambie sawa, ila ijaribu kwanza kwenye tundu. Chukua na za akiba tatu nne, zitupe kwenye droo ya gari.

Mpya ukiziona ni kavu sana, au zile za zamani unazotaka kuzirudisha, ziloweke kwenye maji ya moto nusu saa hivi, zinarudi na mnyumbuko. Za zamani zikague miguu, mguu ukishakuwa na mstari mweupe pale ulipokunjwa hiyo imeshapasuka, tupa. Usizipake grisi ili ziingie vizuri, utakuwa umeziwekea gundi ya vumbi, mwakani utalia tena.

Kurudisha. Ingiza ukingo wa plastiki ndani ya mkunjo wa fenda, angalia picha uliyopiga, halafu linganisha matundu yote kabla hujabonyeza klipsi hata moja. Anza na ya juu katikati, fuata za pembeni, maliza na zinazoshika bampa na kava la chini. Zote zikae kwanza zikiwa hazijafungwa, maana ukifunga ya kwanza kabisa kabisa zile za mwisho matundu yatakukataa. Kitovu sasa kinafanya kinyume: ile ya kuinua unaiingiza kitovu kikiwa juu halafu unabonyeza mpaka kilingane na uso. Ile ya kubonyeza lazima uirudishe upya kabla ya kuiingiza, sukuma kitovu kutoka kule miguuni mpaka kitokeze mbele, ingiza mwili, halafu bonyeza kilingane na uso, usikizamishe. Ukiiweka bila kuirudisha upya itaonekana imekaa lakini haijashika kitu. Ile ya msalaba nyingi huhitaji kuizungusha, ibonyeze na kidole gumba inaingia.

Skrubu ya mbao hapana. Inapanua tundu na mara ijayo hakuna klipsi itakayoshika. Zile tai za plastiki sawa kwa dharura, ukiwa umekwama Manyoni plastiki imeachia na inasugua tairi, toboa, funga, fika nyumbani, ila ukifika itoe.

Mwisho kata usukani kulia wote na kushoto wote gari likiwa chini, sikiliza kama kuna kinachogusa, pitisha mkono kwenye ukingo wote. Kama ulivua tairi, nati zikaze kwa kuruka ruka zinazotazamana, sio kwa kufuatana, Toyota ndogo nyingi ni 103 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) kama unapata spana ya kupima, halafu zikaze tena baada ya kilomita 50 hivi, safari ya Chamwino kwenda na kurudi inatosha.